Kuongoza kikundi cha kulinda mto huko Mombasa: anzieni pale gunia la taka linapoishia

Mwongozo huu ni wa mwenyekiti, katibu na wale wawili watatu ambao simu zao ndizo hulia kila kikundi kinapopanga usafi. Nimewafikiria hasa wanaojitolea kando ya hori la Tudor, Port Reitz na Mtwapa, mahali ambapo mto humalizikia kwenye mikoko na maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku. Kiongozi wa huku ana shida ambayo mwenzake wa bara hana: taka aliyoirundika ukingoni saa tano asubuhi, jioni imesharudi majini.

Ndiyo maana nashauri kila mpango uanzie nyuma. Kwanza jueni gunia litaishia wapi na litafikaje huko. Halafu tazameni maji. Watu waitwe mwisho. Vikundi vingi hufanya kinyume: huita watu, hupiga picha, na magunia hubaki chini ya mkoko yakingoja bamvua, yaani maji makubwa yanayopanda kuliko siku zote.

Hatua ya 1: Ujueni mto wote, si kipande chenu tu

Mto Kombeni hutoka upande wa Rabai, kaunti ya Kilifi, na kumwagika hori la Tudor. Tsalu nao huingia hori hilo hilo. Mwache hutoka Kwale na kuingia Port Reitz. Kwa hiyo kikundi cha Mikindani au Mishomoroni hupokea tope na taka za watu ambao chifu wao, mwakilishi wadi wao na gavana wao ni wengine. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kwa Mwache hata ukafukia mizizi ya mikoko, na eneo kubwa la mikoko likafa. Jambo kama hilo halizuiwi na magunia. Dawa yake iko juu mtoni, kwenye mashamba na kingo zilizolimwa hadi majini.

Kabla ya chochote, watu wanne watano wautembee mto kwa miguu, kuanzia horini hadi pale maji ya chumvi hayafiki. Wachague siku isiyo na mvua, maji yamekupwa. Wachukue karatasi kubwa ya manila na kuchora kila mtaro unaoingia, kila bomba, kila jaa la taka, kila kivuko, mahali mchanga unapochotwa, mahali mitumbwi inapofungwa. Mchoro ukiwa mbaya hakuna neno. Mabomba pigeni picha; watu waacheni, na zaidi wale wanaoishi kwa mchanga au kuni za mikoko, kwa kuwa picha moja ikisambaa mtaani hamtakaribishwa tena.

Wa kwanza kuzungumza nao ni wavuvi. Kama kuna BMU, yaani kamati ya wavuvi inayosimamia bandari yao, nendeni kwa wazee wake mkiwa wachache na bila fulana za kikundi:

"Shikamoo mzee. Sisi ni watoto wa mtaa huu, tumekuja kuomba ushauri kabla hatujaanza kazi."

"Marahaba. Mwataka nini hasa?"

"Twataka kujua maji yakianza kujaa huingilia wapi kwanza, na mvua kubwa ikinyesha taka hukwama wapi."

Swali la namna hii huvuta mazungumzo ya saa nzima, na kwenye mazungumzo hayo mchafuzi mtatajiwa bila kumuuliza. Mkianza na "nani anachafua hapa?" mtapewa kahawa na kuagwa.

Hatua ya 2: Gawaneni kazi, vyeo vitafuata

Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wanatakiwa kwa ajili ya cheti na benki. Lakini mto hausafishwi na vyeo hivyo. Kuna kazi nne ambazo lazima kila moja iwe na mwenyewe, na kila mwenyewe awe na msaidizi anayeweza kuishika akisafiri, akiugua au akipata kibarua bandarini:

Mtu wa maji. Huyu huangalia jedwali la maji kujaa na kupwa, ambalo Mamlaka ya Bandari hulichapisha kila mwaka, huangalia mvua, na ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kusema "tokeni" siku ya kazi. Akisema, hata mwenyekiti hutoka.

Mtu wa magunia. Yeye hupanga pikapu au mkokoteni, huongea na wanunuzi wa plastiki, hujua geti la jaa linafungwa saa ngapi. Kazi yake haina sifa na haitokei kwenye picha. Mpeni mtu mkaidi.

Mtu wa watu. Huweka orodha ya wanaojitolea, nani ana gambuti, nani haogelei, nani ana pumu, nani hawezi Jumamosi kwa sababu ya kazi. Ndiye humpigia simu aliyekosa mara mbili, amuulize hali tu, asimhoji kama karani wa mahudhurio.

Mtu wa kumbukumbu. Daftari moja, mizani ya ndoano, kalamu mbili. Nitarudi kwake.

Angalizo langu: mwenyekiti asishike kazi yoyote kati ya hizi nne. Akishika, wengine hukaa wakimngoja, na siku akichoka kikundi hulala. Kazi yake ni kuingia ofisi za watu, kusuluhisha, na kubeba gunia kama mwanachama yeyote.

Hatua ya 3: Karatasi

Hii isiwachukulie nguvu nyingi. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi chenu kinahitaji wanachama wasiopungua 10, katiba, muhtasari wa mkutano uliochagua viongozi na nakala za vitambulisho, na usajili hufanywa kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo yenu. Mfahamisheni chifu na mzee wa mtaa kabla hajasikia kwa mtu mwingine.

Sheria ya Maji ya 2016 inatambua pia vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji, ambavyo hufanya kazi na Mamlaka ya Rasilimali za Maji katika eneo zima la mto. Kama chama hicho kipo kwenye mto wenu, ingieni ndani yake badala ya kuunda kingine cha kushindana nacho. Humo ndimo mtakutana na watu wa Rabai au Kinango mkiwa meza moja.

Hatua ya 4: Siku ya usafi

Hapa ndipo penye kazi, tukianza na gunia.

Jaa rasmi la kaunti liko Mwakirunge, huko Kisauni, na kutoka Mikindani au Changamwe si karibu. Pikapu ya kukodi hudai pesa ya mafuta na ya kungoja. Ombeni gari la idara ya mazingira ya kaunti kwa barua, wiki mbili kabla, nakala ikipigwa muhuri wa kupokelewa, halafu mpigieni dereva mwenyewe usiku wa kuamkia. Kama siku tatu kabla hakuna gari la uhakika, ahirisheni. Ni afadhali watu wanune kwa kuahirishiwa kuliko kukusanya magunia na kuyaacha.

Plastiki ngumu na chupa zina wanunuzi wanaopima kwa kilo. Wauzieni hapo hapo ukingoni ili gari libebe kidogo. Kama kuna vijana wanaookota chupa mtaani kwa riziki yao, chupa zote ni zao. Kikundi cha kujitolea hakiwezi kuingia mtoni na kumnyang'anya mtu chakula kwa jina la mazingira. Tena hao ndio watakaolinda ukingo siku ambazo ninyi hampo.

Sasa maji. Bamvua huja siku moja mbili baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, na bamvua kubwa ya Mombasa hupanda na kushuka karibu mita 4. Jambo jema kwetu ni kwamba siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Kwa hiyo mnaweza kuanza saa mbili mkiyafuata maji yanavyoshuka, na kumaliza jua halijawa kali. Siku za maji mafu hazina faida hiyo: maji hayashuki sana, na hupwa wakati wa alasiri. Kila siku nyakati husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo jedwali la Jumamosi iliyopita halifai Jumamosi hii.

Ndani kabisa ya hori maji huchelewa kidogo kuliko mlangoni. Wavuvi wa hapo wanajua ni kwa muda gani. Aminini wao kuliko simu. Maji yakigeuka huanza taratibu, watu wakaona wana nafasi, kisha kwenye saa ya tatu na ya nne hukimbia na kuziba vijia vya matopeni. Amri iwe moja: maji yakigeuka, kila mtu aelekee nchi kavu, hata kama gunia halijajaa.

Tazameni pia kalenda ya watu. Ijumaa adhuhuri haiguswi. Jumapili asubuhi nusu ya wanachama wako kanisani. Jumamosi hubaki, lakini watoto wengi wako madrasa, na hilo si baya, kwa sababu kwenye tope hamtaki watoto. Mwezi wa Ramadhani fanyeni mikutano baada ya tarawehe na muache kazi ya jua kali.

Wakati wa kusafisha ni muhimu kuliko idadi ya usafi. Mvua za kwanza za masika husukuma taka za mitaro yote kuingia horini kwa siku chache tu. Mitaro ikizolewa Machi, mikoko itakuwa na nafuu Juni. Mkiwa na nguvu ya usafi mkubwa mmoja tu kwa mwaka, basi uwe wa mitaro, kabla ya masika, hata kama hauna mandhari ya kupigia picha.

Kuna vikundi vinavyofunga kizuizi cha mitungi na wavu kwenye mdomo wa mtaro ili kunasa taka. Kinafaa, kwa sharti la ruhusa ya kaunti na mtu wa kukitoa taka kila baada ya mvua. Kisipotolewa, maji hurudi nyuma na kuingia nyumbani kwa watu, na mtakuwa mmewafanyia jirani zenu mafuriko kwa mikono yenu.

Vifaa na usalama, kwa haraka lakini bila masihara:

Tope likiwa la magotini, gambuti hung'ang'ania na mguu hutoka mtupu. Viatu vya zamani vya kamba, vilivyofungwa barabara, ni bora. Miguu mitupu hairuhusiwi: chaza wanaoota kwenye mizizi ya mikoko na nguzo za madaraja hukata kama wembe.

Glavu ziwe nzito. Zile nyembamba za hospitalini hutobolewa na mwiba. Kidonda kibichi hakiingii majini, kwa kuwa mitaro mingi hubeba maji ya vyoo.

Sindano haiokotwi kwa mkono wala haiwekwi guniani. Awepo mtu mmoja mwenye koleo na mtungi mgumu wa kifuniko, na mtungi upelekwe kituo cha afya. Aliyechomwa aoshe kwa maji ya kutiririka na sabuni, asifinye wala kunyonya, aende hospitali mara moja. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Aulizie pia chanjo ya pepopunda.

Kila watu watano wawe na kiongozi wao, na wahesabiwe wakiingia na wakitoka. Wasiofika miaka 18 waje na ruhusa ya mzazi, wakae nchi kavu wakichambua.

Mwisho wa kazi mtu wa kumbukumbu anapima. Daftari lake halihitaji ufundi. Mfano:

*Jumamosi. Kutoka mtaro wa sokoni hadi kivukoni. Maji yaligeuka saa nne na nusu. Watu 23, wote wametoka. Magunia 41: nepi 14, chupa 11, mchanganyiko 16. Pikapu safari 2. Mkato mguuni mtu 1, amefungwa bendeji.*

Mistari hii miwili mitatu ikiandikwa mwaka mzima, mnakuwa na kitu ambacho afisa hawezi kukipuuza. Mkiona nepi ndizo zinazojaza magunia, mnajua kwamba mkutano ujao uwe na akina mama na wenye nyumba za kupangisha wasio na mahali pa kutupia, wala hamhitaji tena hotuba kuhusu chupa.

Hatua ya 5: Chai, posho na fulana

Tangu mpango wa Kazi Mtaani wa 2020, ambapo serikali iliwalipa vijana kusafisha mitaa, kijana akiitwa kufanya usafi huuliza malipo, na sioni ubaya wake. Anayeacha kibarua cha siku ili azoe taka za mtaa mzima ana haki ya kuuliza. Kilicho kibaya ni kujibu kwa mafumbo. Semeni tangu mwanzo: hakuna posho, kuna chai, mahamri na mbaazi, kuna maji ya kunywa, kuna nauli ya anayetoka mbali. Siku ambayo kuna mfadhili anayelipa, walipwe wote kwa kiwango kimoja kinachojulikana, viongozi wakiwemo. Posho ya siri ya viongozi imeua vikundi vingi kuliko uvivu.

Pesa zisipite kwenye simu ya mtu binafsi, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Fungueni akaunti ya watia sahihi watatu, wawili lazima. Jioni ile ile ya kazi, mweka hazina aweke risiti kwenye kundi la WhatsApp, hata ya sukari.

Kampuni ikitaka kuwasaidia, ombeni mafuta ya gari, mizani, glavu nzito na mafunzo ya huduma ya kwanza. Itakayosisitiza fulana na bango, mwambieni mgeni kwa adabu kwamba bango halisombi taka. Mwanasiasa akaribishwe kama mkazi yeyote: anavaa glavu, anaingia, hotuba hakuna. Mwaka wa uchaguzi mkiwa na shaka, usafi ufanyike bila mgeni kabisa.

Hatua ya 6: Mkiona bomba linatoa uchafu

Msikimbilie mitandao. Chapisho la hasira humpa mchafuzi nafasi ya kufunga bomba usiku na kuwashtaki kwa kumharibia jina. Andikeni kwanza: tarehe, saa, maji yalikuwa yakijaa au yakipwa, mahali kamili kwenye ramani ya simu, rangi, harufu, kama kuna samaki wanaoelea. Pigeni picha pana inayoonyesha bomba na kitu kinachotambulika, halafu ya karibu. Rudini kwa saa tofauti, maana mabomba mengine huamka usiku. Maji msiyachote kwa chupa ya soda mkidhani ni ushahidi. Sampuli inayosimama mahakamani huchukuliwa na afisa na kupelekwa maabara inayotambuliwa.

Barua iende NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, nakala kwa idara ya mazingira ya kaunti na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, kila nakala na muhuri. Ibara ya 42 ya Katiba inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuonyesha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara. Ibara hizo zitajeni kwenye barua ya pili, kama ya kwanza haikujibiwa. Ya kwanza iwe ya upole.

Kuhusu waliojenga ukingoni, sheria hulinda ukanda wa mto, lakini kupima na kuweka alama ni kazi ya mamlaka. Kikundi kikionekana na futi mkononi, kesho kitaitwa wabomoaji.

Hatua ya 7: Mikoko, baadaye

Kupanda mikoko kunapendwa kwa sababu kunapendeza, na miche mingi hufa kwa sababu hiyo hiyo. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, kwa hiyo anzeni na Huduma ya Misitu. Watafiti wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, nao wako hapa hapa Mkomani, waulizeni.

Aina huenda na mahali. Mlilana hukaa mbele, kwenye maji. Mkoko wenye mizizi ya matao hufuata nyuma yake. Mkandaa hupenda juu zaidi, na mchu huonekana pande zote mbili. Mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mikoko, kama uwanda wa mchanga mtupu, kuna sababu yake, msipande. Mahali palipokatwa lakini mbegu bado zinaletwa na maji, mara nyingi inatosha kuondoa taka na kuzuia mifugo, miche itaota yenyewe.

Mkipanda mkoko, okoteni mbegu ndefu zilizokomaa, zenye pete ya manjano karibu na kichwa, zisizotobolewa na wadudu. Zidungeni matopeni theluthi moja, ncha chini, mita moja kati ya mche na mche. Kisha mtu wa kumbukumbu ahesabu miche iliyo hai baada ya miezi mitatu, sita na kumi na miwili. Hiyo ndiyo hesabu ya kumwonyesha mfadhili; ya siku ya kupanda kila mtu anayo.

Hatua ya 8: Kukabidhi

Katiba ya kikundi iseme viongozi wanakaa miaka miwili, na kwamba wasibadilike wote kwa siku moja. Jalada la makabidhiano liwe na daftari la kumbukumbu, ule mchoro wa manila, nakala za barua zenye muhuri, cheti na tarehe ya kukihuisha, orodha ya vifaa na nani anavyo nyumbani, na nambari za dereva, mnunuzi wa plastiki na mzee wa wavuvi, zimeandikwa kwa kalamu, si kwenye simu iliyoibiwa juzi.

Kiongozi mpya apelekwe kwa wavuvi na kwa chifu na yule anayeondoka, atambulishwe kwa jina la baba yake na mtaa anaotoka. Halafu aongoze usafi mmoja mzima wakati wa zamani yupo, akishika mizani na kujibu akiulizwa tu.